Mstari wa Saa Mbili na Dakika Sita

Nilianza kazi Jumatano ya kwanza baada ya likizo ya Juni, saa saba na dakika arobaini mchana, nikiwa kidato cha pili, na nilichaguliwa kwa sababu sikuongea. Wenzangu wote wa klabu ya fizikia walikuwa wamenyoosha mikono wakisema mimi, mwalimu, mimi. Nilikuwa nyuma nikiomba nisionekane. Mwalimu Kulwa, anayetufundisha fizikia hapa Bariadi, akatupitia wote kwa macho, halafu akasema anamtaka mtu anayeweza kukaa na kitu kimoja siku nzima bila kukipigia kelele. Akaja mpaka nyuma, akaweka ufunguo wa stoo ya viti vibovu kwenye kiganja changu. Ulikuwa wa moto, maana ulikaa dirishani juani tangu asubuhi.

Jana, Ijumaa, niliurudisha. Kidato cha nne tunakabidhi kazi zote kabla ya mtihani, kwa hiyo sasa mimi ni mstaafu mwenye miaka kumi na saba. Nawaandikia ninyi wadogo zangu mtakaoushika ufunguo huo baada yangu. Sitaeleza nilivyopanda kuwa katibu wa klabu, kwa sababu katibu aliyekuwepo alihama shule na hakukuwa na mtu mwingine mwenye mwandiko unaosomeka. Mshahara ulikuwa andazi moja kila Jumamosi, na Jumamosi nyingine halikuja. Nitaeleza kazi.

Kusema kweli, siku ile nilitegemea kukuta darubini. Niliposikia kwamba klabu yetu inafuatilia milipuko ya mbali angani, niliwaza bomba refu jeupe la kuchungulia. Nilipofungua mlango nikakuta msalaba wa mbao mrefu kunizidi, umezungushiwa waya wa shaba mizunguko mingi, umesimama katikati ya viti visivyo na migongo. Chini yake kuku wa mpishi alikuwa ametaga mayai mawili. Waya ule uliingia kwenye kisanduku ambacho Mwalimu alikitengeneza mwenyewe, na kisanduku kikaingia kwenye kompyuta ya zamani ambayo kitufe chake cha herufi E kilishang'oka. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari mmoja wa kijani. Basi.

Aliyenifundisha mstari ule ni dada Holo. Yeye alikuwa kidato cha nne, mtunzaji aliyenitangulia, mtoto wa wafugaji wa Kimali, na amekua akichunga ng'ombe wa baba yake. Alinieleza hivi, na mimi nawaeleza hivyo hivyo. Kuna nchi za mbali zenye mitambo mikubwa inayotuma mawimbi marefu ya redio kwa nyambizi zilizo chini ya bahari. Mawimbi hayo husafiri dunia nzima yakidundadunda kati ya ardhi na tabaka la juu kabisa la hewa. Antena yetu inayadaka na kompyuta inachora yana nguvu kiasi gani. Tabaka lile la juu likitikiswa na kitu, mawimbi nayo hubadilika, na mstari wetu hupanda au kushuka. Nikamwuliza kwa sauti ndogo tunawezaje kusikiliza nyambizi sisi ambao mto wetu miezi mingine unavukwa kwa miguu mikavu. Dada Holo alicheka mpaka kuku akatoka nje.

Kinacholitikisa tabaka hilo ni vingi. Jua likichomoza linalitikisa, likizama vilevile. Radi pia. Lakini kuna kingine ambacho ndicho tulichokuwa tunakisubiri. Nyota kubwa sana ikifa huko mbali, mbali kiasi ambacho mwanga wake umeanza safari kabla dunia yetu haijakuwepo, hutoa mwako wa miali ya gamma kwa sekunde chache tu, na sekunde hizo inang'aa kuliko kila kitu kilichopo angani. Macho yetu hayaioni miali hiyo, na hewa inaizuia isitufikie. Ila ikiipiga hewa ya juu usiku, ile hewa inashtuka, na mstari unashtuka nayo. Kwa hiyo hatuangalii angani kabisa. Tunaangalia mstari. Mimi nilipoelewa hivyo nililala macho wazi. Nyota inakufa huko kusikojulikana, halafu habari zinafika stoo ya viti vibovu Bariadi.

Daftari letu lina safu nne: saa, mstari umefanya nini, kwa dakika ngapi, na sababu. Dada Holo alikuwa na masharti yake. Tunaandika kwa kalamu ya wino. Hatufuti, tunakata kwa mstari mmoja ili neno la zamani lisomeke. Anayeandika ni mwenye ufunguo tu, na anaweka herufi ya jina lake mwishoni. Na safu zinajazwa kwa mpangilio wake, sababu ikiwa ya mwisho kabisa.

"Ukianza na sababu," aliniambia, "macho yako yatakutafutia hiyo hiyo."

Nililiandika hilo kwenye kava la daftari. Mtaona huko mbele lilivyonisaidia.

Wiki ya kwanza nililipua nyota. Yaani nilifika asubuhi nikakuta mstari umepanda ghafla na umeota manyoya, kama paka aliyeona mbwa. Nikakimbia hadi ofisi ya walimu, kisha nikasimama mlangoni muda mrefu sana kwa sababu hodi haikutoka mdomoni. Mwalimu wa zamu aliyekuwa anapita ndiye aliyenibishia hodi. Mwalimu Kulwa akaja stoo, akaangalia mstari, akaangalia ukutani, akachomoa taa ya kuchaji ambayo mimi mwenyewe niliichomeka karibu na antena nilipoingia, kabla sijautazama mstari. Manyoya yakaisha. Akainyanyua taa akasema mlipuko wangu ni huu, na una waya. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwenu: kabla hujaisingizia nyota, angalia umechomeka nini.

La pili, saa. Rekebisha saa ya kompyuta kila asubuhi, maana huwa inachelewa. Na mkisoma taarifa za satelaiti, zinatumia saa ya dunia. Ongeza tatu upate saa za hapa kwa hesabu ya ishirini na nne, halafu ndio urudi kwenye saa zetu za kawaida. Hapo nimewaona wengi wakikosea, wakiwemo wanaopata A kwenye hesabu.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuja msimu wa pamba. Nilikuwa nimebaki peke yangu, dada Holo ameshamaliza kunifundisha, na kila usiku saa mbili na dakika chache mstari ulikuwa unapanda, unakaa kama robo saa, unashuka. Kila siku. Nyota haiwezi kufa kila siku saa mbili usiku. Mwalimu alihisi kisanduku kimeharibika, akakifungua mara mbili. Mimi nilikuwa naandika "haijulikani" mpaka aibu ikanishika.

Jibu nililipata nyumbani. Ninaishi kwa baba mdogo Masanja, mdogo wake baba yangu. Wazazi wangu wako Mwanhuzi. Baba mdogo ni mwendesha mota kwenye jineri, kiwanda kile cha kuchambua pamba kilicho ng'ambo ya uwanja wa shule. Msimu ukianza anarudi na nyusi nyeupe za nyuzi za pamba, na mama mdogo humwambia apite kwanza bombani ndipo tumjue ni nani. Jioni moja alikuwa analalamika kwamba zamu zinabadilishana saa mbili, mota zinazimwa zote halafu zinawashwa tena kwa mpigo, na umeme unayumba. Kijiko kilinidondoka. Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu, na safari hiyo hodi ilitoka. Tukaweka alama siku nne. Kila mota zilipowashwa, mstari ulipanda na kuota manyoya. Mwalimu alinishika mkono mbele ya klabu nzima. Neno "jineri" liliingia kwenye safu ya sababu siku hiyo, na aliyeliingiza ni mimi. Nilijivuna nalo kuliko cheti chochote.

Kisha likaja jua. Ilikuwa mwezi wa pili mwaka jana, adhuhuri, nimekwenda kusoma mstari wakati wenzangu wako kwenye foleni ya makande. Mstari ulikuwa umelala kama ulivyolala siku zote. Nikiwa nautazama, ukaanza kupanda. Hauna manyoya. Safi kabisa, kama mtu anauvuta kwa uzi. Nilisimama pale nimejiziba mdomo. Nikaandika saa, nikaandika umefanya nini, nikahesabu dakika, na sababu nikaiacha wazi. Mwalimu alipopata mtandao jioni akakuta satelaiti nazo zimeona: jua limerusha mwako wa miali ya eksirei, dakika ile ile. Sikula siku mbili kwa furaha. Nilipomweleza baba mdogo aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo jua linakohoa, na ninyi huko stoo mnasikia?"

"Ndiyo, baba."

"Na serikali inajua?"

Baada ya hapo nilikuwa naamka kabla ya jogoo. Sikuwa na marafiki wengi, na kusema mbele za watu bado kulikuwa kunaniletea jasho la mikono, lakini mle stoo nilikuwa mtu mwingine. Niliuzoea mstari kama dada Holo alivyozoea zizi la kwao. Nikiingia tu nilijua usiku umekuwa mtulivu au la. Nadhani hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Sasa naifikia sehemu ninayoiogopa.

Msimu huu wa pamba ulikuwa mkubwa. Jineri ilifanya kazi usiku na mchana, na kila asubuhi nilikuwa nasoma mpando ule ule wa saa mbili, naandika neno lile lile. Tuko kidato cha nne, kuna masomo ya ziada, muda hakuna. Basi mwezi wa saba nikapata akili ya kijinga. Nikawa nikifungua ukurasa mpya, najaza neno "jineri" kwenye safu ya sababu, mistari yote ya saa mbili, wiki nzima, kabla hata usiku wenyewe haujafika. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuongeza saa na dakika tu. Niliona nimeokoa muda. Kava la daftari lilikuwa pale pale na maneno ya dada Holo juu yake.

Jumanne moja mwezi wa nane baba mdogo alirudi mapema, jua bado halijazama. Mkanda wa mota kubwa ulikuwa umekatika. Alioga, akakaa mkekani, akajipapasa usoni akasema leo nyusi zake amezikuta. Tulikula ugali na samaki waliotoka Kalemela. Taarifa ya habari ya saa mbili ilipoanza redioni alituomba tunyamaze, halafu yeye mwenyewe akacheka, akasema jamani, leo redio inasikika bila kuongezwa sauti. Kweli, siku za msimu ngurumo ya jineri inafika mpaka kwetu. Taarifa ikiwa inaendelea akanyoosha bakuli.

"Mayu, niongeze mchuzi."

Nikamwongezea; mayu ni mimi, kwa Kisukuma ni mama, na ndivyo anavyoniita. Nilikuwa nimeshika upawa, na juu ya kichwa changu ilikuwa inapita habari iliyosafiri tangu kabla ya dunia, nami sikuhisi hata upepo.

Asubuhi yake nilichelewa. Kengele ya paredi ilikuwa inagongwa. Nilifungua stoo, nikaona mpando wa saa mbili, nikaandika 2:06 usiku, umepanda ghafla, dakika 14. Neno "jineri" lilishakuwepo linanisubiri. Nikaweka herufi M, nikakimbia.

Jumanne ya wiki hii Mwalimu Kulwa aliingia darasani kwetu katikati ya kipindi cha kemia, akamwomba radhi mwenzake, akaniita nje. Mkononi alikuwa na karatasi. Sijawahi kumwona hivyo; alikuwa anatembea huku anaruka vishimo ambavyo havipo. Mtandao ulikuwa umerudi, naye amepata taarifa za mwezi wa nane: satelaiti ziliona mlipuko wa gamma, mmoja wa mikubwa sana, na ulitokea wakati upande wetu wa dunia uko gizani na umeuelekea. Saa kumi na saba na dakika sita, saa ya dunia. Tukaongeza tatu huku tunakimbia. Saa mbili na dakika sita usiku. Kabula alikuwa stoo tayari, kidato cha pili, niliyekuwa namfundisha ili anirithi. Mkimjua Kabula mnajua kwamba hanyamazi. Anaweza kuzungumza na kiti. Mwalimu akafungua daftari, akashusha kidole mpaka tarehe ile, na kidole kikasimama.

Halafu akalifunga taratibu.

"Jineri imetuwahi," alisema. "Bahati mbaya, Minza. Kwa kelele ile hatuwezi kudai kitu."

Nami nilikumbuka mchuzi. Nawaambia ukweli wadogo zangu, nilikumbuka pale pale, ugali, samaki, nyusi nyeusi za baba mdogo, redio inayosikika. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Maana kama nikisema jineri ilikuwa imezimwa, swali linalofuata ni kwa nini niliandika imewashwa. Na nikisema neno lile nilikuwa nalijaza kabla, basi kurasa zote za msimu zinakuwa na shaka, na kazi yangu yote, kitu pekee ninachokijua vizuri kuliko wengine hapa shuleni, inakuwa kazi ya mtu mvivu. Mwalimu akasema Jumatatu atatuma mistari ya mwezi kwa shule na watu wa nchi nyingine wanaochora kama sisi, na ule wa siku ile atauandikia kwamba ni kelele za kiwanda. Akaondoka akitembea kawaida.

Jumatano Kabula aliufungua tena mstari ule kwenye kompyuta. Akauvuta ukawa mkubwa.

"Dada Minza, mbona huu hauna manyoya?"

Nikatazama. Ulikuwa umepanda wima kama ukuta, halafu ukashuka polepole na kwa ulaini, kama nundu ya ng'ombe inavyoshukia mgongoni. Mpando wa jineri hauko hivyo hata siku moja. Ulikuwa mzuri kuliko mstari wowote niliowahi kuuona, na nilikuwa nimeupita kwa sekunde mbili nikiwahi paredi.

"Soma ya leo," nilimwambia. "Hayo yameshaisha."

Mtu ambaye hanyamazi alininyamazia, akaenda kusoma ya leo. Usiku huo sikusoma kitu. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wa watu aangalie kwanza, na alipoangalia nikamzuia.

Ijumaa ndiyo kukabidhi. Utaratibu mnaujua: klabu yote inakaa maabara, anayestaafu anasoma ukurasa wake wa mwisho, anatoa ufunguo, watu wanapiga makofi, tunakula karanga. Nilisimama mbele. Mikono ilikuwa imelowa mpaka ufunguo unateleza. Badala ya ukurasa wa mwisho nilifungua ule wa Jumanne ya mwezi wa nane. Sauti ilianza ndogo, mtu wa nyuma akasema hatusikii, nikaanza upya.

"Usiku huu jineri haikuwa inafanya kazi. Mkanda ulikatika. Baba mdogo alikuwa nyumbani, taarifa ya habari ilikuwa hewani, na mimi ndiye niliyempakulia mchuzi. Neno hili niliandika Jumapili, siku mbili kabla."

Nikaeleza na yaliyobaki, tangu mwezi wa saba. Mwalimu Kulwa alikuwa ameegemea meza ya mbele, mikono imefumbatwa kwenye kitenge.

"Jumanne ya wiki hii ulijua?"

"Nilijua, mwalimu."

"Na ukaniacha niondoke."

"Ndiyo, mwalimu."

Alikuja akachukua daftari. Akasema, bila ukali wowote, jambo ambalo ni baya zaidi, kwamba kila "jineri" ya kuanzia mwezi wa saba itawekewa alama ya shaka, na mtunzaji mpya atairudia mistari yote mmoja mmoja. Hapo Kabula aliguna. Kuhusu ule wa saa mbili na dakika sita, alisema hawezi kutuma kwa maneno ya mtu aliyempakulia baba yake mdogo. Anataka maandishi ya mtu asiye wa nyumbani kwetu. Jumatatu haiko mbali. Kisha akanyoosha kiganja, nikauweka ufunguo, naye akampa Kabula. Watu walipiga makofi machache wasijue wanapigia nini. Karanga tulikula.

Na huu ndio mshangao wangu: nilipotoka pale nilikuwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne niliweza kuuwaza ule mstari wenyewe. Kwamba ile nundu ni ya kweli. Kwamba nyota imekufa na stoo yetu imesikia. Nilitembea hadi nyumbani nikicheka peke yangu, na mama mwenye genge la nyanya akaniuliza nimechaguliwa wapi.

Leo asubuhi, Jumamosi, nimekwenda jineri. Baba mdogo alitaka kunisindikiza, nikakataa, kwa kuwa ningefika naye ningekuwa nimerudi kwenye mchuzi ule ule. Njia nzima nilikuwa narudia maneno yangu. Getini kuna karani, mama mtu mzima mwenye miwani, ndiye anayetunza kitabu cha zamu. Lori la marobota lilikuwa linatoka, nikasubiri lipite, halafu nikasubiri na vumbi lipite, halafu hakukuwa na kitu kingine cha kusubiri.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, mayu. Una shida gani?"

Nikasema yote. Kwamba natoka shule ya ng'ambo, kwamba tunachora mstari, kwamba naomba kujua Jumanne ile mota kubwa ilizimwa saa ngapi na ikawashwa saa ngapi, na kama anaweza kuniandikia na kutia sahihi. Alishusha miwani akanitazama juu yake.

"Yaani nyota imelipuka huko juu, na wewe unataka kujua mkanda wetu ulikatika lini?"

"Ndiyo, mama."

Akasema miaka yote anatunza kitabu hiki na hakuna aliyewahi kukiulizia kwa jambo la maana. Akakifungua, akalamba kidole, akafunua, na akanisomea: mota kubwa imesimama saa kumi na dakika arobaini jioni, mkanda, imewashwa Jumatano saa tatu asubuhi. Zamu ya usiku haikuingia. Akayanakili kwenye karatasi, akatia sahihi, akagonga na muhuri ambao sikuuomba. Nikamwambia wabeja, asante sana. Nilipofika barabarani nilikimbia.

Stoo ilikuwa imefungwa kwa ndani. Mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta ufunguo kabla sijakumbuka. Basi nikabisha hodi kwenye mlango ambao nimeufungua mwenyewe miaka miwili.

"Nani?"

"Minza. Nimekuja kusahihisha."

Kabula alifungua. Alishaanza kurudia mistari ya mwezi wa saba. Alikuwa na wino mpaka kwenye shavu. Akasoma karatasi ya karani mara mbili, akapitisha kidole juu ya muhuri, na sijawahi kuona macho yamefunguka hivyo. Akauvuta ule ukurasa. Nilinyoosha mkono kuichukua kalamu, akaisogeza upande wake.

"Anayeandika ni mwenye ufunguo," alisema. "Kaa hapo, dada."

Nikakaa kwenye kiti kisicho na mgongo. Alilikata neno langu kwa mstari mmoja, likabaki linasomeka. Chini yake akaacha nafasi, akainua kichwa.

"Sababu niandike nini?"

Mlipuko wa gamma. Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwangu yamejaa, nimeyasubiri tangu kidato cha pili. Nikayameza.

"Umeona nini?" nilimwuliza.

Kabula akaufungua mstari kwenye kompyuta, akaukuza, akauangalia muda mrefu. Kuku alipita katikati yetu. Kisha akaanza safu ya kwanza upya, saa, halafu ya pili, halafu dakika, kwa herufi kubwa mno zinazotoka nje ya mistari ya daftari. Safu ya nne aliijaza mwisho. Akaweka K yake pembeni ya M yangu, akageuza daftari, nikasoma maneno yale yale niliyoyameza.